Juu ya nini (kwa nini) Noeli ya Lubumbashi haianzi mpaka Boney M. waimbe? Tajeni wimbo wenu

Mwana_Katuba (Lubumbashi)
Banduku, jambo yenu.

Tangu Desemba ianze, nganda (baa) iliyo karibu na kwetu hapa Katuba inapiga nyimbo zile zile, kuanzia saa watoto wanapotoka shule hadi usiku: Mary's Boy Child ya Boney M., halafu Jingle Bells, halafu Petit Papa Noël, kisha inarudi mwanzo. Jana mvua ilinyesha mpaka njia ikajifunga, watoto wanaokota maembe kwenye mfereji, na bafle (spika) inasifu theluji. Nilimuuliza mwenye nganda kama hana kingine. Akanijibu: "Hii nikizima, watu watafikiri nimefiwa."

Sasa dai langu ni hili: nje ya kanisa, sisi Wakongo hatuna wimbo wa Noeli. Ndani tuna nyimbo, tena nzuri, za Kiswahili, Kiluba, Kibemba. Ukivuka tu mlango wa kanisa, unakutana na Boney M., Tino Rossi wa Petit Papa Noël na Jim Reeves, yule Mmarekani wa country. Juu ya nini iko vile? Na wimbo wako wewe ni upi? Mimi ni Minuit, chrétiens, lakini uimbwe na mtu mwenye kifua, si hawa wa kunong'ona kwenye mikro.

Nyawera_Boy (Bukavu)
Boney M. ni mfalme, acheni wivu. Yule jamaa alikufa lakini sauti yake iko hai.

Tenor_wa_Pili (Goma)
@Nyawera_Boy jamaa gani? Boney M. si mtu, ni kundi la watu wanne, na aliyeliunda ni mtayarishaji wa Ujerumani Magharibi, Frank Farian. Liz Mitchell na Marcia Barrett walizaliwa Jamaika, Maizie Williams Montserrat, Bobby Farrell Aruba. Unayemlilia wewe ni Bobby, aliyefariki 30 Desemba 2010 huko Saint Petersburg, Urusi. Na ile sauti nzito ya kiume kwenye sahani si ya Bobby. Ni ya Farian mwenyewe, aliiweka studio. Farian naye amefariki Januari 2024.

Nyawera_Boy (Bukavu)
Maestro wa Goma huyo, kazi yake ni kuharibia watu sikukuu. Bobby alicheza, Farian akaimba, mimi nakunywa. Kila mtu na kipaji chake.

Mwalimu_Kampemba (Lubumbashi)
Tuongeze kidogo, maana hata hao Boney M. waliazima. Mary's Boy Child ni wa Jester Hairston, Mmarekani mweusi, mtu wa kwaya. Kwanza aliutengeneza kwa sherehe ya kuzaliwa ya rafiki yake, kwa mdundo wa kalipso, na maneno yalikuwa mengine kabisa. Baadaye akauvisha maneno ya Noeli, na Harry Belafonte akaurekodi mwaka 1956. Boney M. waliuchukua 1978, wakauunganisha na Oh My Lord, ukawa namba moja Uingereza Noeli ile.

Kwa hiyo @Mwana_Katuba, jibu la "juu ya nini" mimi naliona hapo. Ule wimbo ulizaliwa kwenye pati. Chini yake kuna kalipso, juu yake kuna disko. Mtu akishakula bukari (ugali) na kuku anataka kusimama acheze. Minuit, chrétiens utaichezaje?

Mama_wa_Ndosho (Goma)
Mwalimu, heshima yako, lakini kucheza si kila kitu. Wimbo wangu ni Les anges dans nos campagnes, na sijawahi kuhitaji disko.

Nitawaambia kilichotokea kwenye parokia yetu. Misa ya usiku, siku hizi "usiku" ni saa kumi na moja jioni, ili kila mtu afike kwake kungali na mwanga. Korali inaimba ule wimbo, imefika kwenye Gloria ile ndefu inayoshuka ngazi kwa ngazi, umeme ukakatika. Kinanda kikafa na bafle zikafa, sopranu nao pumzi zikawaisha katikati ya ngazi. Kijana wa ngoma, ambaye kwa wimbo huo hakuwa na kazi yoyote, akaingia polepole kwa kiganja tu, bila fimbo. Kayamba zikafuata. Kanisa zima likaidaka ile Gloria, mama wakatia vigelegele, na maestro akabaki anasimamia hewa maana hakuna aliyekuwa anamtazama tena. Umeme uliporudi, mpiga kinanda alijaribu kuingia, watu wakamzomea kwa upole. Huo haukuwa wimbo wa Wafaransa tena, msinidanganye.

Motari_Birere (Goma)
Nilikuwepo! Au kwetu ilitokea vile vile. Goma umeme una desturi ya kwenda misa.

Muzee_wa_Kamalondo (Lubumbashi)
Batoto, nyinyi munaanzia habari katikati. Mwaka 1974 serikali ya Mobutu ilifuta Noeli kwenye orodha ya sikukuu za taifa. 25 Desemba ikawa siku ya kazi. Huo ulikuwa wakati wa ototentike, siasa ya kurudi kwenye asili ya Kiafrika: majina ya ubatizo yalikuwa yamekatazwa tangu 1972, mimi mwenyewe niliandikishwa jina la babu yangu. Kanisani tulienda, hakuna aliyetufukuza, lakini redio ilikuwa ya chama, na chama kilikuwa na nyimbo zake, za animasyo, za kumsifu Mobutu.

Sasa hesabuni wenyewe. Noeli inatolewa barabarani 1974. Boney M. wanatoa wimbo 1978, na albamu nzima ya Noeli 1981. Barabara ilikuwa tupu, wakaikalia. Watungaji wetu wa rumba wa miaka ile walikuwa wakubwa duniani, lakini nani angetunga wimbo wa sikukuu ambayo serikali imesema haipo?

Mwana_Katuba (Lubumbashi)
Aksanti sana papa. Hii sikuwahi kuifikiria.

Mdau_wa_Kitwe (Mlushois, anaishi Zambia)
Shikamoo muzee. Hoja ni nzuri ila ina tundu. Huku Zambia hakuna aliyefuta Noeli, Kenya hakuna aliyefuta, na kote huko Desemba ni Boney M. na Jim Reeves tu. Kwa hiyo Mobutu hawezi kubeba mzigo wote.

Mimi naamini ni barabara ya Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo na Zambia. Mjomba wangu alikuwa dereva wa lori, na kila Desemba alirudi Lubumbashi na kaseti. Ya Jim Reeves aliirekodi mwenyewe kutoka redioni, na katikati ya Silver Bells mtangazaji anaingia na kutaja saa kwa Kiingereza. Tulikua nayo hivyo. Hadi leo wimbo huo ukifika pale, nyumbani kwetu wote tunataja ile saa kwa sauti, na wageni wanashangaa.

Jim Reeves mwenyewe alikufa kwa ajali ya ndege Julai 1964. Albamu yake ya nyimbo kumi na mbili za Noeli ilikuwa imetoka 1963 tu. Marekani sijui kama vijana bado wanamjua, ila huku ukimtukana utalala nje.

Muzee_wa_Kamalondo (Lubumbashi)
@Mdau_wa_Kitwe sikusema Mobutu aliwaleta Boney M. Nimesema aliwaondoa wengine. Soma tena polepole, mwanangu.

Dada_Ibanda (Bukavu)
Jamani hii ni uzi ya Noeli au ya historia? Wimbo wangu: Last Christmas, ya Wham!, 1984. Sijali mtasema nini.

Nyawera_Boy (Bukavu)
Tutasema. Huo ni wimbo wa mtu aliyeachwa. Noeli imetajwa kama vile mtu anavyotaja Jumanne.

Dada_Ibanda (Bukavu)
Na Jingle Bells je? Yesu yuko mstari gani?

Mwalimu_Kampemba (Lubumbashi)
Hapo dada amewafunga. Jingle Bells ilichapishwa 1857 na James Lord Pierpont, na maneno yake ni vijana wanaoshindana na mikokoteni ya theluji inayovutwa na farasi, pamoja na msichana. Noeli haitajwi kabisa. Ila 16 Desemba 1965 wanaanga wa Gemini 6, Schirra na Stafford, waliupiga angani kwa harmonika na vikengele, ndio ukawa muziki wa kwanza kupigwa kule juu.

Maneno ya Kifaransa, Vive le vent, aliyaandika Francis Blanche 1948. Sisi walimu tunayafundisha kila Desemba. Mwaka uliopita nikawa naeleza wanafunzi wangu baridi ya Ulaya, theluji, miti mieupe. Mmoja akainua mkono: "Mwalimu, ni kama ndani ya friza ya samaki?" Nikamwambia ndiyo. Mwingine nyuma kabisa akauliza, sasa hao watu ndani ya friza wanafurahia nini? Kengele ikalia, nikaokoka.

Na George Michael wa Wham! alifariki siku yenyewe ya Noeli, 25 Desemba 2016.

Sauti_ya_Fanfare (Lubumbashi)
Sisi Wakimbanguisti, wa kanisa la Simon Kimbangu, tunawasoma tu na kucheka. Noeli yetu ni 25 Mei. Hakuna mvua, hakuna matope, fanfare (bendi ya matarumbeta) inapita barabarani na suruali nyeupe zinabaki nyeupe.

Nyawera_Boy (Bukavu)
Na maembe je? Noeli bila embe mimi siitaki.

Tenor_wa_Pili (Goma)
@Sauti_ya_Fanfare karibu ndugu. Kwa wasiojua: 25 Mei ni siku aliyozaliwa Salomon Dialungana Kiangani, mtoto wa Simon Kimbangu, mwaka 1916. Mimi ni Mkatoliki, katika imani hatukubaliani, lakini katika muziki nawaheshimu.

Sauti_ya_Fanfare (Lubumbashi)
Aksanti. Na hapa ndipo namjibu mwenye uzi. Umesema Wakongo hawana wimbo wa Noeli wa kwao nje ya kanisa. Nyimbo zetu hatukuzitoa kwenye kitabu cha mmisionari. Zinapokelewa, mtu analetewa katika ndoto au katika sala, zinaandikwa, kisha zinaimbwa na kupigwa na fanfare njiani, mbele ya watu wote. Kwa hiyo zipo. Nyinyi hamzisikii kwa sababu mnasikiliza nganda.

Mwana_Katuba (Lubumbashi)
Fanfare ya kanisa ikipita njiani bado ni kanisa, limetembea tu. Mimi nasema wimbo ambao mlevi, muuza mkaa na mwanafunzi wanaujua wote, bila kuuliza wewe ni dini gani.

Sauti_ya_Fanfare (Lubumbashi)
Mlevi wa Kenya, mtaa wetu hapa Lubumbashi, anaimba nyimbo zetu kuliko mashemasi. Njoo usikie.

Kadogo_Ruashi (Lubumbashi)
Juu ya nini hakuna aliyetaja Missa Luba? Ilitungwa hapa hapa Lubumbashi na inajulikana dunia nzima. Hiyo ndiyo Noeli yetu.

Muzee_wa_Kamalondo (Lubumbashi)
Hapana. Kamina, si Lubumbashi. Mwaka 1958, Padri Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji, na wale aliowaita Troubadours du Roi Baudouin: watoto wa shule na walimu wao. Mwaka huo huo wakaenda kuimba Ulaya. Na ni misa ya Kilatini kwa sauti za Kiluba, si ya Noeli peke yake. Kyrie yake imefuata kasala, nyimbo za kumlilia marehemu. Ukiipiga asubuhi ya 25 Desemba, aliyefiwa mwaka huo atatoka nje.

Wa Lubumbashi alikuwa Joseph Kiwele, mwalimu na mtungaji. Watu wanamkumbuka kwa La Katangaise, wimbo wa taifa wa Katanga ya Tshombe ilipojitenga na Kongo, na siasa ikamfunika. Alifariki 1961. Lakini kabla ya siasa alikuwa mtu wa korali na misa, na alijua kuweka sauti nne juu ya wimbo wa kijijini bila kuuvunja mgongo. Kama kuna mtu angetupatia Noeli ya kucheza mtaani, ni yule.

Kadogo_Ruashi (Lubumbashi)
Kamina iko Katanga ya zamani, basi ni kwetu tu 😂

Mama_wa_Ndosho (Goma)
Watu wa Lubumbashi! Mtasema hata Bethlehemu iko njia ya Likasi.

Turudi kwenye nyimbo. Douce nuit (Silent Night) hamjaitaja, aibu. Nilifundishwa kwamba iliandikwa kwa sababu panya walikula kinanda cha kanisa huko Austria.

Tenor_wa_Pili (Goma)
Mama, ya panya ni hadithi iliyoongezwa baadaye. Yenye ushahidi ni haya: Padri Joseph Mohr aliandika shairi 1816. Mkesha wa Noeli 1818 akampelekea Franz Xaver Gruber, mwalimu wa shule na mpiga kinanda, amtilie sauti. Usiku ule ule wakauimba wawili katika kanisa la Mtakatifu Nikola, Oberndorf, karibu na Salzburg, na Mohr akipiga gita. Kwa nini gita na si kinanda, hapo kila mtu ana yake. Wengine wanasema kinanda kilikuwa kibovu, wengine kwamba Mohr alipenda gita tu.

Motari_Birere (Goma)
Panya wa Birere wangekula na gita.

Muzee_wa_Kamalondo (Lubumbashi)
Gita! Sasa mnaniamsha. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimkuta Mwenda Jean Bosco huko Jadotville, Likasi ya leo, akamrekodi Masanga. Vidole viwili tu vya mkono wa kulia, na unasikia watu watatu wanapiga. Nikisikia Douce nuit kwa kinanda cha umeme chenye mdundo wa tip-tap, nafikiria mikono ya Mwenda juu ya wimbo huo. Ulizaliwa kwa gita, na Katanga ilikuwa nchi ya gita. Korali zetu zilienda kununua vinanda vya Kichina vyenye vifungo mia, wanakijua kimoja.

Mwalimu_Kampemba (Lubumbashi)
Kifungo cha "Bossa Nova", muzee. Hicho ndicho wanachokijua.

Nyawera_Boy (Bukavu)
@Mwana_Katuba, wewe na Minuit, chrétiens yako: unajua iliandikwa na mtu asiyeamini na sauti ikatiwa na Myahudi? Ndiyo maana maaskofu waliikataza.

Mwana_Katuba (Lubumbashi)
Nusu nusu. Maneno ni ya Placide Cappeau, mfanyabiashara wa divai wa Roquemaure, kusini mwa Ufaransa. Sauti ni ya Adolphe Adam, yule wa baleti ya Giselle, na iliimbwa mara ya kwanza pale Roquemaure Noeli ya 1847. Adam hakuwa Myahudi, hayo walimzushia waliouchukia wimbo. Ni kweli wakubwa wa Kanisa huko Ufaransa waliusema vibaya, kwamba ni wa tamthilia, si wa altare. Sasa sikieni watu leo: usipoimbwa, wanamuuliza padri kama misa imekwisha kweli.

Nilikuwa kwenye mazoezi Jumapili. Maestro wetu anapiga diapazoni, kile chuma cha kutoa sauti, kwenye goti, anaiweka sikioni, anatoa noti ya la, halafu solfa yote iko ubaoni kwa chaki, mistari minne, altu wameandikiwa chini kabisa kama adhabu. Mwimbaji wetu wa peke yake ni fundi wa magurudumu. Anakuja na mafuta mikononi, anakataa maji ya baridi mwezi mzima, na akikaribia ile noti ya juu anashika ukingo wa benchi. Mwaka jana benchi lilisogea, noti haikusogea.

Dada_Ibanda (Bukavu)
Huyo fundi ameoa? Nauliza kwa niaba ya korali.

Mdau_wa_Kitwe (Mlushois, anaishi Zambia)
😂😂 Sasa uzi umepata maana.

Kadogo_Ruashi (Lubumbashi)
Mimi naona wote mnatafuta mbali. Mobutu, lori, kalipso. Nenda nganda yoyote utazame simu iliyochomekwa kwenye bafle. Mtu ameandika "Noël" na kugusa ya kwanza iliyokuja, basi, simu inaendelea yenyewe hadi asubuhi. Wimbo wa Mariah Carey, All I Want for Christmas Is You, ulitoka 1994 na umefika namba moja Marekani Desemba 2019, miaka 25 baadaye. Si kwamba watu waliamka wakaupenda upya. Ni simu zinazoupiga. Hakuna anayechagua tena.

Mwalimu_Kampemba (Lubumbashi)
Hiyo inaeleza mwaka huu. Haielezi kaseti ya mjomba wa Kitwe.

Muzee_wa_Kamalondo (Lubumbashi)
Wala 1974.

Mama_wa_Ndosho (Goma)
Wala kwa nini watu wa kwetu wanalia kwenye Douce nuit na hawalii kwenye Boney M. Siku hizi Goma kila benchi lina mtu aliyeondoka mwaka huu, kwa njia moja au nyingine. Wimbo wa polepole unampa mtu nafasi ya kumkumbuka. Wa haraka unamfunga mdomo. Labda ndiyo sababu mnaupenda.

Nyawera_Boy (Bukavu)
Mama, huo wa haraka ndio unanisaidia mimi. Kila mtu analia kwa mguu wake.

Sauti_ya_Fanfare (Lubumbashi)
Mwana_Katuba, fanfare yetu inafanya mazoezi Kenya hata Desemba. Mlete yule fundi wa magurudumu tumsikie na trompeti.

Mwana_Katuba (Lubumbashi)
Nitamwambia. Ila @Tenor_wa_Pili, nina shida ya haraka. Karatasi ya tenor ya pili ya Les anges dans nos campagnes ililoa kwenye mvua ya jana, solfa imefutika kuanzia Gloria hadi mwisho. Unayo?

Tenor_wa_Pili (Goma)
Ninayo, nitapiga picha leo jioni kama umeme utaniruhusu. Mwambie maestro wenu: do iwe fa, asipandishe hata nusu. Sisi tulijaribu sol, na kwenye ile ngazi ya Gloria sopranu wawili wakaketi chini wenyewe.

Mama_wa_Ndosho (Goma)
Walikuwa watatu. Wa tatu alikuwa binti yangu.